Tusimnyang'anye Beki Jasho Lake

Sisi watu wa Sumbawanga tumeshazoea. Ukisema ugenini kwamba kwenu ni Rukwa, mtu anacheka kidogo, anasogeza kiti, halafu anauliza: "Kwa hiyo na wewe unapaa usiku?" Nimeulizwa hivyo chuoni, nimeulizwa kwenye daladala, nimeulizwa hata na watu niliokuwa nawahoji kuhusu bei ya mahindi. Mara nyingi nacheka nao. Kila mkoa una utani wake, na anayenuna kila anapotaniwa ataishi peke yake.

Lakini kuna siku utani huo ulinikaa vibaya. Ilikuwa tarehe 22 Oktoba 2020, Tanzania Prisons ilipoifunga Simba bao 1-0 kwenye Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga. Prisons ni timu ya Mbeya, ila msimu ule wa 2020/21 ilikuwa inachezea mechi za nyumbani kwetu. Simba ile haikuwa ya kubahatisha. Ilikuwa imechukua ubingwa mara tatu mfululizo, na msimu huohuo ilikuja kuifunga Al Ahly ya Misri pale Dar es Salaam na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kuifunga timu ya namna hiyo ni kazi ya kiume, kama wanavyosema wenyewe.

Dakika chache baada ya filimbi ya mwisho simu yangu ilijaa ujumbe. "Kamati ya ufundi ya kwenu hatari." "Simba wamekutana na wenye mji." Mwingine alituma picha ya ungo tu, bila maneno. Nilisoma ujumbe wote ule nikitafuta mtu mmoja atakayetaja jina la mfungaji. Hakuwepo. Bao lilifungwa na Samson Mbangula, kipindi cha pili, lakini kwa marafiki zangu lilikuwa limefungwa na mji.

Hilo ndilo lililonikera, na si kwa sababu ya fahari ya nyumbani tu. Nilijiuliza: mchezaji anaamka alfajiri kwenye baridi, anakimbia, anaumia, anarudi tena mazoezini, halafu siku moja kazi yake inazaa matunda mbele ya nchi nzima. Sisi tunafanya nini? Tunaichukua ile kazi na kumpa mganga ambaye hata hayupo.

Mambo ya uchawi na Sumbawanga yanaanzia kwenye jina lenyewe. Wengi wanajua kwamba kwa Kifipa sumba ni kutupa, na wanga ni uchawi. Kwa maana hiyo jina la mji ni amri: tupa uchawi. Anayeingia aache mizigo yake ya giza nje. Ajabu ni kwamba nchi imeligeuza jina hilo juu chini. Mji ulioitwa mahali pa kuutupa uchawi umekuwa, kwenye midomo ya watu, mahali pa kuufuata.

Mtu akitaka sababu za matokeo ya siku ile, zipo, na hazihitaji ungo. Sumbawanga iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, chini ya milima ya Mbizi. Timu inayoishi na kufanya mazoezi Dar es Salaam, pwani kabisa, ikipanda huku inakuta hewa nyepesi. Pumzi inakata mapema, miguu inakuwa mizito dakika za mwisho, na mpira mrefu unakwenda kasi kuliko mchezaji alivyozoea. Oktoba ni mwisho wa kiangazi. Mvua bado, vumbi lipo, ardhi ni ngumu. Halafu kuna safari. Ukiifikia Tunduma bado una zaidi ya kilomita 200 za kupanda Ufipa. Kwa upande mwingine, Prisons ni timu ya Jeshi la Magereza. Nidhamu na kukaba kwa pamoja ndiyo tabia ambayo mashabiki wameizoea kwao miaka yote.

Na tusisahau kilichofuata. Siku chache baadaye Simba ilifungwa tena 1-0, safari hii na Ruvu Shooting, na ilikuwa Dar es Salaam. Sikupokea picha ya ungo. Watu walijadili safu ya ushambuliaji, walijadili kocha, walijadili uchovu. Yaani kipigo kilekile, wiki ileile, kikitokea mjini kinakuwa suala la mbinu. Kikitokea kwetu kinakuwa suala la giza. Tarehe 31 Desemba, Yanga nayo ikaja Sumbawanga, ikiwa haijapoteza mchezo wowote wa ligi msimu ule, ikaondoka na sare ya 1-1. Maneno yakarudi palepale.

Katika mtaa wetu kuna kijana tuliyekua naye. Jina lake nitaliweka kando, maana hakuomba kuandikwa. Ni beki wa kati. Alilipwa kucheza mpira kwa karibu miaka kumi, sehemu kubwa katika Ligi Daraja la Kwanza, hii ambayo sasa inaitwa Championship. Ligi Kuu hakuwahi kuifikia. Nikienda nyumbani kusalimia, huja kwa mama tukanywa chai, na mazungumzo hayachelewi kufika kwenye mpira. Likizo iliyofuata nilimuuliza alivyoupokea ule utani wa siku ya Simba.

Alicheka kwanza. Kisha akasema, "Dada, wale jamaa walikimbia. Mimi nimewaona. Sasa mtu akisema ni dawa, dawa ndiyo ilikimbia?"

Nikamuuliza kama yeye hakuwahi kuamini mambo hayo. Akasema hawezi kunidanganya: ukiwa kwenye chumba cha kuvalia na watu ishirini wenye hofu, hofu yao inakuingia hata kama hukuja nayo. Akanisimulia kisa cha timu moja aliyoichezea. Mishahara ilikuwa haijatoka miezi kadhaa, lakini kabla ya mechi ya kushuka daraja pesa ya mtaalamu ikapatikana haraka sana. Wachezaji wakaambiwa wasipite mlango wa kawaida, waruke uzio. Wawili wakakataa, mmoja Mwislamu na mwingine Mkatoliki kama yeye. Wakawekwa benchi. Timu ikafungwa. Na hapo, anasema, ndipo mambo yalipoharibika kweli. Kufungwa wangekusahau. Kilichobaki ni swali lililoanza kuulizwa pembeni: nani ameharibu? Wale waliokataa? Golikipa aliyechelewa basi? Yule aliyeonekana akiongea na mtu wa timu pinzani?

"Kuanzia siku ile," akasema, "nikipigiwa mpira wa nyuma naanza kufikiri, huyu ananipa pasi au ananiuza?"

Nimelifikiria sana neno hilo. Tunapozungumzia ushirikina kwenye soka huwa tunauona kama kichekesho, au kama suala la adhabu. Bodi ya Ligi hutoza timu faini kwa kuingia uwanjani kupitia mlango usio rasmi au kugoma kuingia vyumba vya kuvalia, na taarifa zake hutaja wazi imani za kishirikina. Tunasoma, tunacheka, tunageuza ukurasa. Lakini ubaya wa jambo lenyewe si mlango. Ubaya ni kwamba uchawi, kwa maana yake hasa, humtafuta adui aliye karibu. Mchawi wa hadithi zetu hatoki mbali. Ni jirani, ni shemeji, ni mtu mnayekula naye sahani moja. Kwenye timu, mtu huyo atakuwa nani kama si mwenzako wa namba sita? Timu ni watu kumi na mmoja waliokubaliana kwamba mgongo wangu utautazama wewe. Shaka ikiingia hapo, hakuna mfumo wa kocha utakaoiokoa.

Wazee wetu Ufipa wanalijua hilo kuliko wengi. Miaka ya 1960 vijiji vya uwanda huu vilipitiwa na vuguvugu lililoitwa Kamcape, la watu waliozunguka wakidai kuwafichua na kuwasafisha wachawi. Ukilitazama kwa haraka utasema ni giza juu ya giza. Ukilitazama kwa utulivu utaona pia jamii iliyochoka kushukiana, inayotafuta njia ya kuamka asubuhi na kumwamini jirani. Na shaka hii haina mzaha. Katika nchi yetu wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa. Ndiyo maana siwezi kuuona utani wa ungo kama utani mtupu. Maneno ni yaleyale. Tofauti ni nani anayeyatamka na amebeba nini mkononi.

Turudi kwa beki wetu na imani. Kila mechi alikuwa anafanya ishara ya msalaba akivuka mstari. Nikamchokoza: hiyo na hirizi zina tofauti gani? Akatulia kidogo, akaniambia kitu ambacho nimekibeba hadi leo.

"Mungu hakabi, dada. Anakupa pumzi. Kukaba unakaba mwenyewe."

Akaendelea kueleza kwamba hajawahi kuomba mpinzani ateleze. Anaomba magoti yake, anaomba asimvunje mtu, anaomba asije akakata tamaa dakika ya themanini wakati mwili unasema inatosha. Pembeni yake alikuwa na mwenzake wa kulia, Mwislamu, aliyekuwa akifungua mikono na kusoma dua kabla ya kipyenga. Walicheza pamoja misimu mitatu. Anasema hawakuwahi kuzungumzia dini hata siku moja, lakini kila mmoja alimsubiri mwenzake amalize kabla ya kwenda kwenye nafasi yake. Hapo nikaielewa tofauti niliyokuwa naitafuta. Ushirikina ulimfundisha kumwogopa mwenzake. Sala ilimfundisha kumsubiri.

Msomaji anaweza kuniambia kwamba naweka mpaka safi mno, kwamba maisha ya Waafrika hayajagawanyika hivyo. Ni kweli, na Ufipa yenyewe ina ushahidi. Ukitembea kwenye uwanda huu, sehemu kadhaa bado kuna mabaki ya matanuru ya udongo ya kuyeyushia chuma, mengine marefu kupita mita tatu. Yalijengwa kwa akili kubwa: yalivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mtu kuvukuta. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena kwenye tanuru dogo la mivukuto kabla ya kufuliwa kuwa jembe. Na fundi mkuu alikuwa na kikapu chake cha dawa. Dawa ziliwekwa kwenye tanuru, na kazi ilikuwa na miiko yake. Wazee hao hawakuona ajabu kuchanganya imani na ufundi.

Lakini tazama walichofanya baada ya kuweka dawa. Walichimba mawe ya chuma. Walikata miti na kuchoma mkaa. Walikanda udongo, walijenga, walibeba, walilisha moto, walikesha. Haikuwa kazi ya mtu mmoja. Hakuna dawa iliyowahi kuyeyusha chuma bila mkaa, na hakuna mhunzi wa Kifipa aliyelijua hilo akakaa kivulini kusubiri. Imani yao iliwatia moyo wa kuanza kazi ngumu. Haikuwa mbadala wa kazi.

Ndivyo ilivyokuwa hata shambani. Kilimo cha asili cha Ufipa ni cha matuta ya duara, intumba. Unakata majani, unayafunika na udongo, unayaacha yaoze, na msimu unaofuata unasambaza tuta na kupanda. Yaani unafanya kazi leo kwa ajili ya mavuno ya mwaka ujao. Na kwa kuwa ni kazi nzito, watu walialikana: leo kwangu, kesho kwako, na pombe ya ulezi jioni. Mkoa uliozoea hivyo haukushangaza ulipokuja kuhesabiwa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, kati ya mikoa minne iliyoilisha nchi mahindi. Watu wale wale wanaotaniwa kwamba wanapaa usiku ndio waliokuwa wanalima mchana kutwa.

Kuhusu uvumilivu, kila mtoto wa mtaani kwetu anakutajia Mbwana Samatta, na ana haki. Alitoka Simba mwaka 2011 akaenda TP Mazembe, Lubumbashi. Wengi walitaka Ulaya siku hiyohiyo. Yeye alikaa Kongo karibu miaka mitano. Mwaka 2015 Mazembe ilichukua Ligi ya Mabingwa Afrika naye akifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Ndipo akaenda Genk ya Ubelgiji, akawa bingwa wa ligi ile msimu wa 2018/19. Januari 2020 akasajiliwa Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Machi 2020 alifunga kwa kichwa Wembley, kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City.

Tunapenda kuishia hapo. Ila Villa walifungwa 2-1 siku ile. Na Septemba mwaka huohuo Samatta alikuwa ameshakwenda Fenerbahçe kwa mkopo. Miaka tisa ya kupanda, miezi minane ya kuwa kileleni, kisha kuanza upya kwingine. Naye akaanza upya, akaendelea kucheza. Kwangu mimi hilo ndilo somo la uvumilivu katika maisha yake, kuliko lile bao. Na hata lile bao, krosi ilitoka kwa Anwar El Ghazi. Sisi tulioruka mbele ya televisheni ni wangapi tunalikumbuka jina hilo?

Ninasema haya kwa sababu kuna mahubiri mengine yananichosha, yale ya "ukijituma utafika". Beki wa mtaani kwetu alijituma. Alikimbia milimani, aliacha pombe, alisali, aliwafunika wenzake makosa yao. Hakufika. Goti la kushoto lilimaliza safari, na mshahara wa miezi minne ya timu yake ya mwisho hadi leo hajauona. Nikimwambia kwamba hakujituma vya kutosha nitakuwa nimemwibia mara ya pili, sawa na wale wanaosema ushindi wake ulikuwa dawa. Mmoja anamnyang'anya sifa alipofanikiwa, mwingine anambebesha lawama alipokwama. Wote wawili hawakumtazama akicheza.

Siku hizi jioni anafundisha watoto kwenye kiwanja cha shule. Wengi wao hawana daluga. Wanacheza na raba, wengine peku. Hawaambii kwamba watakuwa Samatta. Nilimsikia akimfokea mmoja, mwenye kipaji kweli, aliyepoteza mpira akasimama kushika kiuno. "Rudi! Mwenzako yuko peke yake!" Mtoto akarudi mbio, akachelewa, bao likafungwa vilevile. Akampigia makofi. Nilimuuliza kwa nini anampongeza mtu aliyefungwa. Akasema, "Kurudi ndiyo kazi yake. Kufungwa ni mambo ya mpira."

Nadhani hapo ndipo falsafa yake yote ilipo. Uvumilivu kwake ni kurudi, hata pale unapoona umechelewa. Imani ni kuamini kwamba kurudi kuna maana hata siku ambayo matokeo hayakupi. Na timu ni yule mwenzako aliye peke yake kule nyuma, anayekusikiliza kama miguu yako inakuja.

Kwa hiyo naomba jambo dogo, hasa kwa sisi tunaoandika habari za michezo na wale wanaozisambaza kwenye simu. Siku timu ndogo ikimfunga mkubwa, iwe Sumbawanga, Kigoma au Songea, tuanze kwa kuuliza maswali ya kawaida. Nani alikaba? Nani alikimbia sana? Kocha alibadilisha nini? Hali ya hewa ilikuwaje? Utani uje baadaye, una nafasi yake. Lakini jasho la mtu litajwe kwanza.

Tarehe 22 Oktoba 2020, Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga: Tanzania Prisons 1, Simba 0. Alifunga Samson Mbangula, na wenzake kumi wakalilinda bao hilo hadi filimbi ya mwisho.